Treni, ng'ombe au mvua: programu za kuchezea kwenye terminali, uanze na ipi?

Mwanafunzi akikaa mara ya kwanza mbele ya terminali, yaani dirisha la kuandikia kompyuta amri, mikono huganda. Simu ameizoea, kila kitu kina picha ya kubonyeza. Hapa anakuta skrini nyeusi, alama ya dola na kishale kinachopepesa kikimsubiri aseme neno. Nimeliona hilo mwaka hadi mwaka katika chumba cha kompyuta cha shule moja ya sekondari, nje kidogo ya Dodoma mjini, ambako Jumamosi asubuhi nafundisha Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, kwa wanaotaka. Tuna mashine kumi na mbili za mezani, zote zilikwishatumika kwingine kabla hazijatufikia, na bando tunalinunua kwa kuchangishana.

"Mwalimu, nikikosea itaharibika?" Swali hili huja kila mwaka, na maelezo hayaliondoi. Kinacholiondoa ni kicheko. Siku mtoto anapoandika herufi mbili na garimoshi likakatiza skrini likitoa moshi, hofu inaisha palepale, na kuanzia hapo unaweza kumfundisha chochote.

Programu za namna hii zipo nyingi, na walimu wenzangu huniuliza waanze na zipi, maana muda ni mchache na bando ni la kupima. Nimezilinganisha zile nilizozitumia mwenyewe na wanafunzi. Natazama mambo matatu. La kwanza, na kwangu ndilo kubwa: je, programu inapokea maneno ya mtoto mwenyewe, au anakaa tu kutazama? La pili, inakula bando kiasi gani? La tatu, mchezo ukiisha, amebaki na ujuzi gani? Amri nilizoziandika hapa ni za matoleo ya Linux yaitwayo Ubuntu, Debian na ndugu zao.

Kabla hujatumia bando hata kidogo

Zipo zilizomo tayari ndani ya mashine, na ni kosa kuziruka. Andika `apt moo` uone ng'ombe mdogo akitokea na kuuliza kama umelia kama ng'ombe leo. Ni mara moja tu, hana zaidi, lakini watoto hufurahi kujua kwamba waliotengeneza mfumo mzito kama huu walikaa wakaficha ng'ombe ndani yake.

`yes` ni bora zaidi kwa kufundishia. Ukiandika `yes leo ni Jumamosi`, maneno hayo yanajaa skrini, mstari baada ya mstari, bila kukoma. Darasa zima linapiga kelele. Hapo ndipo unapowaambia: shika Ctrl, bonyeza C. Kimya. Hakuna somo la Ctrl+C linalokaa kichwani kuliko hilo. Waonye jambo moja tu, wasielekeze `yes` kwenye faili kwa alama ya `>`, kwa sababu faili hilo litakua mpaka lijaze diski.

`factor` inapasua namba katika vigawo vyake tasa. Wanafunzi wangu huanza na miaka yao ya kuzaliwa, kisha tunaingia kwenye historia. Andika `factor 1961`, mwaka wa uhuru wa Tanganyika, upate 37 na 53. Andika `factor 1964`, mwaka wa Muungano, upate 2, 2 na 491. Andika `factor 1973`, mwaka ulipofanyika uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma, nayo inakurudishia 1973 yenyewe. Ni namba tasa, haigawanyiki. Sijawahi kuona kidato cha pili wakibishana kuhusu namba tasa kwa moyo namna ile.

Halafu kuna `cal`, kalenda. Kama haimo kwenye mashine yako, kifurushi chake cha kusakinisha kinaitwa `ncal`. `cal 4 1964` inaonyesha kwamba tarehe 26 Aprili, siku ya Muungano, iliangukia Jumapili. `cal 12 1961` inaonyesha kwamba tarehe 9 Desemba ilikuwa Jumamosi. Kisha wape `cal 9 1752` na unyamaze. Watahesabu wenyewe: tarehe 1, tarehe 2, halafu 14. Siku kumi na moja hazipo! Ndio mwezi ambao Uingereza na makoloni yake waliacha kalenda ya zamani wakaingia hii tunayotumia leo, na programu imeiheshimu historia hiyo mpaka sasa.

Treni dhidi ya ng'ombe

Hawa ndio wawili maarufu kuliko wote, `sl` na `cowsay`, na wengi huuliza waweke upi. Tabia zao ni tofauti kabisa.

`sl` iliandikwa na Mjapani Toyoda Masashi mwaka 1993. Wazo lake ni hili: amri ya kuorodhesha mafaili ni `ls`, na mtu mwenye haraka hukosea akaandika `sl`. Badala ya ujumbe wa kosa, linapita garimoshi la mvuke, kutoka kulia kwenda kushoto, moshi ukipanda. Huwezi kulikatiza. Kwenye Ubuntu hata Ctrl+C haliisikii mpaka limalize njia yake, isipokuwa uwe umeliita kwa `sl -e`. `sl -l` huleta treni ndogo, `sl -F` huirusha juu, na `sl -a` huonyesha ajali, watu ndani wakiomba msaada. Hiyo ya ajali mimi siionyeshi darasani.

Kwa mji wetu treni ina uzito wake. Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikapita hapa Dodoma, ikafika Kigoma mwaka 1914, na kwa miongo mingi juu yake yalipita magarimoshi ya mvuke hasa. Watoto wa leo wanaifahamu treni ya umeme iliyoanza kuja Dodoma mwaka 2024, kwa hiyo `sl` inapopita swali la kwanza huwa, "Mbona inatoa moshi?" Siku moja mzee anayelinda shule aliingia kuchukua funguo akakuta treni iko kwenye skrini kumi na mbili kwa pamoja. Akasimama, akaitazama mpaka ikapotea upande wa kushoto.

"Shikamoo babu," wakamwamkia.

"Marahaba wajukuu zangu. Hilo ndilo lenyewe. Tulikuwa tunalisikia kabla hatujaliona."

Akakaa nusu saa akiwasimulia. Nilikuwa nimepanga kufundisha `ls` siku hiyo, na `ls` ikasubiri wiki iliyofuata.

Kwa bando, `sl` ni rahisi kuliko zote, haifiki kilobaiti 100. Lakini kwa kipimo changu cha kwanza inashindwa: haipokei neno lako hata moja. Ukishaiona mara tatu umeimaliza.

`cowsay` ya Tony Monroe imeandikwa kwa Perl, lugha ya kuandikia programu ambayo kwa kawaida imo tayari ndani ya Ubuntu, kwa hiyo nayo haina gharama. Unaipa maneno, ng'ombe anayasema ndani ya kiputo. `cowsay Habari za asubuhi` na kazi imeisha. `cowthink` humfanya awaze badala ya kusema. `-d` anakufa, `-t` anachoka, na `-e` inakuruhusu kumchagulia macho. `cowsay -l` inaorodhesha wanyama na vitu vingine vilivyomo, nawe unawaita kwa `-f`, kama `cowsay -f tux` kwa pengwini wa Linux. Mwalimu, pitia orodha hiyo peke yako kwanza. Matoleo mengine yana picha moja mbili zisizofaa watoto.

Ubora wake, hata hivyo, uko kwenye kuchora wako. Ng'ombe wa `cowsay` ana mgongo ulionyooka, ng'ombe wa Ulaya. Mwanafunzi mmoja, mtoto wa wafugaji, alimtazama akasema, "Huyu hana nundu." Alikuwa na haki. Huku kwa Wagogo ng'ombe bila nundu ni mgeni. Tukafungua faili jipya, tukaliita `gogo.cow`, tukaandika hivi:

```
$the_cow = <<"EOC";
        $thoughts   ^__^
         $thoughts  ($eyes)\\_/^\\___
            (__)\\       )\\/\\
             $tongue ||----w |
                ||     ||
EOC
```

Kisha `cowsay -f ~/gogo.cow Mbukwenyi` (alama ya `~` ni folda yako mwenyewe), na ng'ombe mwenye nundu akatusalimu kwa Kigogo. Ukichora wako kumbuka mambo mawili: kila mkwaju wa kurudi nyuma (`\`) unaandikwa mara mbili, na alama ya `@` inatanguliwa na mkwaju huo, la sivyo Perl itazielewa vingine na picha itaharibika. `$eyes` ni mahali pa macho, `$tongue` pa ulimi, na `$thoughts` ndiyo kamba inayomuunganisha na kiputo. Katika saa moja mtoto amejifunza faili ni nini, njia ya faili ni nini, na kwamba programu ya mtu mwingine inaweza kubadilishwa ifanane na kwao.

Kwa hiyo kati ya hizi mbili: `sl` kwa dakika ya kwanza ya siku ya kwanza, `cowsay` kwa mwezi mzima unaofuata. Kama nafasi ni ya moja tu, weka ng'ombe.

Maandishi makubwa: figlet au toilet

Hapa uamuzi ni mwepesi. `figlet`, iliyoanza mwaka 1991, inageuza neno kuwa bango la herufi kubwa zilizojengwa kwa alama za kibodi. `toilet` ya Sam Hocevar inafanya kazi ileile, ikaongeza rangi, fremu na uwezo wa kutoa bango kama ukurasa wa HTML. Faida yake nyingine kubwa ni kwamba inaelewa herufi za lugha zenye alama juu na chini. Kiswahili hakizihitaji. Kila neno letu linaandikwa kwa herufi za kawaida, hata ritifaa ya ng' inakubalika, basi `figlet` inatutosha. `figlet -c -f slant Dodoma` inaliweka bango katikati kwa mwandiko wa kuinama, na `showfigfonts` inakuonyesha miandiko yote iliyomo. Wanafunzi wakitaka rangi, `toilet -F metal Dodoma`.

Rangi za upinde wa mvua zinatoka kwa `lolcat`: `figlet Zabibu | lolcat`. Zinapendeza kweli. Ila `lolcat` imeandikwa kwa Ruby, na kama Ruby haimo itashushwa nayo, bando litaondoka kwa ajili ya rangi. Kwa shule yenye intaneti ya uhakika, weka. Kwa yetu nimeweka kwenye mashine moja tu, ile iliyounganishwa na projekta.

Msisitizo uwe kwenye ule mstari uliosimama, `|`. Mwanafunzi akiona maneno yanatoka `figlet` yanaingia `lolcat`, au yanatoka `echo`, inayorudia unachoiandikia, yanaingia `rev` na kugeuka nyuma mbele, Dodoma ikawa amodoD, ameelewa jambo ambalo vitabu hulieleza kwa kurasa nyingi: amri hushikana mikono.

fortune, ambayo ningeichagua kuliko zote

`fortune` ni ya zamani sana. Ilikuwemo katika Unix ya mwaka 1979. Kazi yake ni kukupa usemi mmoja kwa bahati kila ukiiita. Ukiisakinisha na kuishia hapo utaikuta ya kawaida tu, tena utasikitika. Semi zake ni za Kiingereza, nyingi ni mizaha ya mafundi wa Marekani wa miaka hiyo, na watoto hawacheki. Tena ina chaguo la `-o` la semi za matusi, ambazo zinakuja kwa kifurushi tofauti. Hicho usikiweke shuleni.

Lakini ndani ya kifurushi cha `fortune-mod` kuna amri ndogo inayoitwa `strfile`, na hiyo ndiyo siri. Fungua faili tupu uliite `methali`, andika hivi:

```
Haba na haba hujaza kibaba.
%
Mchagua jembe si mkulima.
%
Bandu bandu huisha gogo.
%
```

Alama ya asilimia inakaa peke yake kwenye mstari, ndiyo mpaka kati ya methali na methali. Ukimaliza, andika `strfile methali`. Litazaliwa faili la pili, `methali.dat`, ambalo ni faharasa inayoieleza programu kila methali inaanzia wapi. Halafu `fortune ~/methali`, na mashine inasema Kiswahili. Ukiongeza methali mpya rudia `strfile`, maana faharasa ya zamani haijui nyongeza. Tulipoteza nusu saa siku ya kwanza kwa kulisahau hilo.

Unganisha sasa: `fortune ~/methali | cowsay -f ~/gogo.cow`. Ng'ombe mwenye nundu anatoa methali. Weka mstari huo mwishoni mwa faili la `.bashrc`, na kila terminali inapofunguliwa inamkaribisha mwanafunzi kwa methali mpya. Kishale kile kinachopepesa hakitishi tena, kwa sababu kabla yake mtu wa nyumbani ameshasema neno.

Kuanzia hapo wanafunzi waliiongoza wenyewe. Msichana mmoja akauliza kama inaweza kutega vitendawili. Inaweza, tatizo ni jibu: ukiliandika chini ya swali, uhondo umekwisha. Tukatumia `rot13`, amri ndogo iliyomo katika kifurushi cha `bsdgames`, ambayo inasogeza kila herufi nafasi kumi na tatu mbele. `echo yai | rot13` inatoa lnv. Basi faili la `vitendawili` likawa hivi:

```
Nyumba yangu haina mlango. (lnv)
%
Kuku wangu katagia mibani. (ananfv)
%
```

Mmoja anasoma kwa sauti, "Kitendawili!" Chumba kinajibu, "Tega!" Wakishindwa na kutoa mji, wanapitisha lile neno la ajabu kwenye `rot13` tena nalo linarudi kuwa jibu, kwa kuwa alfabeti ya Kilatini ina herufi 26, na kumi na tatu mara mbili inakurudisha ulipotoka. Hilo la 26 walilivumbua wenyewe ubaoni. Nilisimama nyuma ya darasa nikawaacha.

Ukiwa na spika, ongeza `espeak-ng`. Ina sauti ya Kiswahili, inaitwa kwa `-v sw`. `fortune ~/methali | espeak-ng -v sw`, na kompyuta inaitamka methali. Sauti ni kavu, ya mashine, na lafudhi haijakaa sawa, lakini kusikia kompyuta ikisema "hujaza kibaba" kunawagusa watoto kwa namna nisiyoweza kuieleza. Wanasogea karibu.

Za kutazama tu

`cmatrix` ya Chris Allegretta, mtu yuleyule aliyeanzisha `nano`, kihariri tunachokitumia kuandikia mafaili haya, inashusha herufi za kijani kama mvua. `-C red` inabadili rangi, `q` inaifunga. Vijana wanaipenda kuliko zote, maana mpita njia akiiona dirishani anadhani kuna kazi nzito inafanyika. `asciiquarium` ni tangi la samaki. `cbonsai -l` inaotesha mti mdogo wa bonsai mbele ya macho yako, tawi kwa tawi, na `-m` inakuruhusu kuweka ujumbe pembeni ya mti, kwa hiyo angalau hii inapokea neno lako. `pipes.sh` inachora mabomba yanayokatizana mpaka skrini ijae.

Kuna pia `hollywood`, inayogawa skrini vipande vingi vinavyokimbiza namba na herufi kama kwenye sinema za wadukuzi. Siipendekezi kwa shule. Inavuta vifurushi vingi nyuma yake, na inamfundisha mtoto kwamba kazi ya kompyuta ni vurugu za skrini.

Mimi katika kundi hili nachagua ile isiyotajwa sana, `rain`, iliyomo katika `bsdgames`. Matone yanaanguka kwenye skrini, kila moja linapanuka kama duara kwenye dimbwi, linapotea. Ukiandika `rain -d 200` yanapungua kasi. Dodoma tuna msimu mmoja wa mvua, kuanzia Desemba hivi hadi Aprili, na wastani wa mwaka ni milimita 600 hivi au pungufu. Mwezi wa tisa, vumbi limejaa kwenye kibodi na upepo unapiga madirisha, naiwasha kwenye projekta wakati wa mapumziko. Wanaacha kelele. Wengine wanaitazama mpaka kengele inalia.

Michezo yenyewe

Hapa ndipo pesa ndogo inaponunua kikubwa: `bsdgames` ni kifurushi kimoja chenye michezo na programu ndogo zaidi ya thelathini, ikiwemo hiyo mvua na `rot13`. Ukiwa na bando la kushusha kitu kimoja tu, shusha hicho.

Ndani yake nalinganisha miwili. `robots` inakuweka uwanjani na maroboti yanayokufuata, hatua moja kila ukipiga hatua moja. Hayana akili, yanakujia moja kwa moja, kwa hiyo unayavuta yagongane yenyewe na kubaki mafungu ya vyuma chakavu. Ukibanwa kabisa, `t` inakurusha mahali pengine kwa bahati nasibu. Unatembea kwa `h`, `j`, `k` na `l`, vitufe vilevile vya kihariri cha `vi`. Wanafunzi waliocheza `robots` mwezi mmoja wanaingia `vi` bila kuuliza njia.

`hangman` ni kubahatisha neno herufi kwa herufi. Kwa kawaida inatumia maneno ya Kiingereza, lakini `-d` inaipa faili lako. Tuliandika faili lenye maneno ya Kiswahili, neno moja kila mstari, kisha `hangman -d ~/maneno`. Kuna mambo ya kuangalia. Programu inaruka maneno yenye herufi chini ya sita, hivyo kwa "mbuzi" na "zabibu" pamoja lazima uongeze `-m 5`. Inataka herufi ndogo tupu, hivyo "ng'ombe" hatoki kamwe kwa sababu ya ritifaa yake, na watoto walihuzunika. Kizuri ni jinsi inavyowafunua lugha yao. Baada ya raundi chache waligundua kwamba maneno yetu huishia kwa irabu, wakaanza na `a` kila mara, na mwalimu wa Kiswahili aliyekuja kuchungulia akabaki kuwaeleza kwa nini.

Nje ya kifurushi hicho kuna `bastet`, mchezo wa matofali yanayoanguka ambao kwa makusudi unakupa tofali usilolihitaji. Inahesabu lipi litakufaa kidogo zaidi, ndilo inalolitupa. Unafaa kwa wakubwa wenye subira. Watoto wa kidato cha kwanza uliwavunja moyo, nikaondoa. `moon-buggy`, gari linaloruka mashimo ya mwezini kwa kitufe cha nafasi, ndio uliochukua mahali pake. `nethack`, ulioanza mwaka 1987, ni bahari: unashuka mapangoni kwa miezi, na ukifa umekufa, unaanza upya. Nimpe mtu mzima mwenye jioni zake, si darasa la saa mbili. Na kama shida yako ni mwendo wa kuchapa, usitafute mbali, `typespeed` inapitisha maneno kwenye skrini nawe unayachapa kabla hayajatoroka.

Nikuchagulie

Mtoto wa nyumbani mwenye simu ya Android tu: aweke Termux, programu inayompa terminali ndani ya simu, kisha `pkg install cowsay figlet cmatrix sl`. Inatosha kuanza. Mwenye Windows aweke Linux ndani yake kwa `wsl --install`, ila ajue upakuaji wake ni mzito, afanye mahali penye intaneti nzuri. Mtu mmoja anayetaka kuburudika jioni aende `nethack` au `bastet`. Mwenye karakana anayetaka skrini ipendeze wateja wakisubiri, `cbonsai -i` inaotesha mti baada ya mti bila kuguswa.

Kwa mwalimu, orodha yangu ni fupi: `sl`, `cowsay`, `figlet`, `fortune-mod` na `bsdgames`. Kabla ya kushusha, `apt show` na jina la kifurushi itakuambia ukubwa wake. Tumia mashine moja: `sudo apt-get install --download-only` ikifuatwa na majina hayo, na vifurushi vitakaa katika `/var/cache/apt/archives`. Vibebe kwa flashi, kisha kwenye kila mashine `sudo dpkg -i *.deb`. Mashine ziwe na toleo moja la Ubuntu, na hiyo ya kupakulia isiwe na vifurushi hivyo tayari, ili lolote vinalolitegemea lishuke navyo. Programu hizi nyingi zinakaa `/usr/games`. Ukiambiwa amri haipo wakati umeiweka, angalia kwanza kama hujaingia kama mtawala wa mfumo, kwa sababu kwenye Debian njia yake haipiti kwenye folda hiyo.

Na kuna tahadhari ya kusema siku ya kwanza. Mtandaoni kuna watu wanaopitisha amri za uharibifu wakiziita za kuchekesha, hasa zile zinazoanza na `sudo rm`, au mstari wa alama tupu za mabano na nukta pacha unaojizalisha mpaka mashine inaganda. Wanafunzi wangu wana sheria: amri usiyoielewa usiibandike, soma maelezo yake kwanza kwa `man` na jina la amri, au uliza.

Yule mzee mlinzi sasa huja karibu kila Jumamosi kabla hatujafunga. Anatega kitendawili kimoja, vingine vya Kigogo ambavyo watoto hulazimika kuvitafsiri kwanza, na anayeshinda ndiye anayekiandika kwenye faili na kurudia `strfile`. Cha wiki iliyopita hakijapata jibu bado. Kimekaa kwenye faili bila mabano.